Kofia ngumu ya baiskeli: inakinga kichwa au tunajifariji?

Mkazi_UsaRiver

Wakuu, habari za jioni. Huku Usa River tuna kikundi cha vijana 14 wa baiskeli. Jumamosi wanaendesha hadi Tengeru na kurudi, na wakikolea wanapandisha Marangu na kuteremka hadi Himo. Sasa imeletwa hoja kwamba asiye na kofia ngumu asipande, na ubishi umekuwa mkubwa kuliko wa Simba na Yanga. Wanaopinga wana mambo matatu.

Kwanza, kofia ya baiskeli inapimwa kwa kuangushwa mita moja na nusu tu, yaani mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa. Kwenye mteremko wa Marangu mtu anafika 45 bila kukanyaga, na Fuso linalomfuata nyuma ni balaa jingine. Gramu 300 za plastiki zitafanya nini hapo? Pili, Waholanzi hakuna anayewafikia kwa kupanda baiskeli, na wengi wao hawavai. Tatu, eti kofia inaongeza uzito wa kichwa na kuvunja shingo.

Naomba majibu ya wanaoijua kazi. "Mlinzi ni Mungu" tumeshaisikia na tunakubali, twende mbele.

Povu_na_Spoki

Mkuu, hiyo hoja ya kwanza ndiyo inayopotosha wengi, acha nikae hapo.

Kipimo cha Ulaya kinaitwa EN 1078. Kofia inavalishwa kichwa bandia chenye kipima mshtuko ndani, kinaangushwa juu ya chuma bapa kikiwa na mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde. Ni sawa na kudondoka kutoka mita 1.5. Halafu kinaangushwa tena juu ya chuma chenye umbo la ukingo wa barabara, safari hii kwa mita 4.57 kwa sekunde. Mshtuko wa kichwa usizidi mara 250 ya mvutano wa dunia. Wamarekani wana chao, CPSC (kwa jina la tume yao ya usalama wa bidhaa), kilichoanza kutumika 1999: wanaangusha kutoka mita 2 kwenye chuma bapa, na kikomo ni mara 300.

Mita 5.42 kwa sekunde ni kilomita 19.5 kwa saa. Ndiko inakotoka ile "20" ya vijana wako. Lakini huo ni mwendo wa kichwa kuelekea CHINI. Mtu aliyekaa kwenye tandiko, kichwa chake kiko kama mita 1.5 hadi 1.7 kutoka kwenye lami. Akianguka, kinachokivuta kichwa chini ni mvutano wa dunia, na huo haujui kama alikuwa kwenye 10 au kwenye 45. Ule mwendo wa mbele unageuka kuwa kuburuzika: unachuna ngozi, unachana suruali, unazungusha kichwa. Ni mabaya, lakini si sawa na kugonga ukuta kwa 45.

Mwendo wa mbele unahesabika wote pale tu panapokuwa na kitu kimesimama mbele yako: nguzo, mti, kingo za daraja, ubavu wa gari. Hapo nguvu inapanda kwa mraba wa mwendo, yaani 40 ina nguvu mara nne ya 20, na povu la ndani ya kofia linapondeka lote kabla kichwa hakijasimama. Litakuwa limepunguza sehemu yake, ila usitegemee miujiza.

Sasa hesabu yenyewe, mtu yeyote anaweza kuifanya kijiweni. Gawanya urefu wa kuanguka kwa umbali ambao kichwa kinautumia kusimama. Fuvu tupu kwenye lami linasimama ndani ya milimita chache, tuseme 3. Mita 1.5 gawanya kwa 0.003 ni mara 500 ya mvutano wa dunia. Weka povu linalobonyea sentimita 2: mita 1.5 gawanya kwa 0.02 ni mara 75. Huo ni wastani, kilele huwa juu zaidi, lakini tofauti unaiona. Kazi ya kofia ni kukiongezea kichwa hizo sentimita 2 za kusimamia, basi.

Na kazi hiyo haifanywi na plastiki. Plastiki ya nje ni ganda jembamba la kukifanya kichwa kiteleze kwenye lami badala ya kunasa, na kutawanya pigo la jiwe lenye ncha. Anayelipokea pigo ni povu jeupe la ndani, ndugu wa lile linalokuja kwenye boksi la TV, ila limeshindiliwa zaidi. Viputo vyake vya hewa vinapondeka, na vikishapondeka haviinuki. Kwa hiyo kofia iliyopigwa sawasawa mara moja kazi yake imekwisha, hata kama nje inang'aa kama mpya.

Gia_Moja

Fizikia siipingi. Ninachopinga ni namna takwimu zinavyotembezwa.

Ile "asilimia 85" mnayoisikia kila mahali, kwamba kofia inapunguza majeraha ya kichwa kwa kiasi hicho, ilitoka Seattle, Marekani, kwenye utafiti wa 1989. Walichukua watu 235 walioumia kichwa kwa baiskeli, wakawalinganisha na 433 walioumia sehemu nyingine za mwili, wakatazama nani alivaa kofia. Tatizo linaonekana: anayevaa kofia mara nyingi ndiye yule yule anayepunguza mwendo na kuwasha taa. Huwezi kujua vizuri kilichomwokoa ni kofia au tabia yake. Mwaka 2013 hata idara za serikali ya Marekani ziliacha kuitaja hiyo 85.

Halafu Australia. Jimbo la Victoria lilitunga sheria mwaka 1990 kwamba kila mpanda baiskeli avae. Majeraha ya kichwa yalipungua, ndiyo, lakini vijana waliokuwa wakipanda nao walipungua sana. Ukipunguza wapandaji utapunguza majeraha hata ukiwavalisha vibarakashia. Na Mholanzi havai kwa sababu ana njia yake ya baiskeli, gari halimfikii. Kwetu, ukitoka njia nne za Sakina hadi Tengeru kwenda mbele, mpanda baiskeli anagombania bega la barabara na kifodi, mkokoteni na mbuzi.

Kuna na mtafiti wa Uingereza, Ian Walker, aliyefunga kipima umbali kwenye baiskeli mwaka 2006. Alipovaa kofia magari yalimpita kwa karibu zaidi, wastani wa sentimita 8.5.

Kwa hiyo kama hela ya kikundi ni kidogo, anzeni na kitu kinachozuia kuanguka kwenyewe. Raba za breki ambazo mifereji imefutika zibadilishwe. Waya wa breki ulioanza kuachia nyuzi pale kwenye kifungio ubadilishwe, usisubiri ukatike ukiwa unateremka Marangu. Ukibana breki hadi mwisho, mkono wake usiguse usukani, ibaki nafasi ya vidole viwili. Wenye ringi za chuma, zile za Phoenix, wajue ringi ikilowa breki haishiki mpaka maji yafutike kwanza, kwa hiyo mvua ikinyesha gusa breki mapema, mita nyingi kabla ya kona. Kwenye mteremko mrefu usibane mfululizo: bana, achia, bana. Ringi ikipata moto gundi ya kiraka inalainika, kiraka kinaachia, na tairi ya mbele ikiisha upepo kwenye kona huna usukani tena.

Taa nyekundu nyuma, kiakisi mwanga, ndipo kofia.

Povu_na_Spoki

Gia_Moja, ya breki nakubali yote, hata ile ya kiraka. Lakini umesimama 2013, na takwimu zimeendelea.

Watafiti wawili wa Australia, Olivier na Creighton, mwaka 2016 walikusanya tafiti 40 zenye wapanda baiskeli walioumia zaidi ya 64,000. Kwa waliovaa, uwezekano wa kuumia kichwa ulikuwa chini kwa asilimia 51, kuumia vibaya kichwani asilimia 69, kufa kwa jeraha la kichwa asilimia 65, na uso asilimia 33. Siyo 85, lakini siyo mapambo. Na tazama hizo namba: kwa majeraha mabaya na ya kuua kofia inasaidia zaidi kuliko kwa majeraha ya kichwa kwa jumla. Ndivyo ungetegemea kwa kitu kinachopunguza kilele cha pigo.

Takwimu za Walker, watafiti wengine wawili walizichambua upya 2013. Walipotazama magari yaliyopita karibu hasa, chini ya mita moja, uhusiano na kofia haukuonekana. Sentimita 8.5 zilikuwa kwenye magari ambayo tayari yalikuwa mbali.

Halafu unachanganya maswali mawili. Sheria ya kulazimisha nchi nzima inafaa? Hapo Uholanzi na Victoria vina nafasi yake, na mimi mwenyewe siungi mkono mama muuza ndizi wa Kibosho akamatwe kwa kukosa kofia. Kichwa hiki kikigonga lami, kofia inasaidia? Hilo ndilo aliloulizwa Mkazi_UsaRiver na vijana wake, na jibu lake ni ndiyo, kwa takribani nusu, na zaidi ya nusu kwa majeraha mabaya.

Gia_Moja

Kwa kikundi cha vijana kinachoteremka Marangu kwa 45, sawa, nimekubali. Kwa sheria bado nakataa.

Zamu_ya_Usiku

Nichukue la shingo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4.5 hadi 5. Kofia ni gramu 250 hadi 400. Zile tafiti 40 ziliangalia pia shingo: majeraha ya shingo kwa wapanda baiskeli ni machache, na hayakuonekana kuongezeka kwa waliovaa. Hiyo hoja waiache.

Jambo la kujadiliwa kwa uzito zaidi ni mzunguko. Ubongo unaelea kwenye maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigonga kwa upande huku kinateleza, fuvu linazunguka ghafla na ubongo unachelewa. Nyuzi za fahamu zinavutika, na mishipa midogo ya damu inayounganisha ubongo na utando wake inaweza kukatika. EN 1078 inapima pigo la kunyooka tu, mzunguko haiupimi. Ndiyo maana kofia nyingine zina tabaka la ndani linaloteleza milimita 10 hadi 15, ile yenye nembo ya njano ya MIPS, iliyobuniwa Sweden. Chuo cha Virginia Tech cha Marekani tangu 2018 kinapima kofia za baiskeli kwa pigo la mshazari na kuzipa nyota, na zipo za bei ya chini zilizopata nyota nyingi. Bei haisemi yote.

Msidhani pia inazuia kila kitu. Mtikisiko wa ubongo unaweza kutokea fuvu likiwa zima na kofia ikiwa kichwani. Taya na meno haviguswi na kofia ya kawaida. Kwa hiyo aliyeanguka na kofia bado anaangaliwa, saa 24 hadi 48, na mtu wa kulala naye chumba kimoja. Za kukimbizwa hospitali bila kungoja asubuhi ni hizi: kutapika zaidi ya mara moja, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi ambao akiamshwa haamki vizuri, kuongea ovyo, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, maji maangavu au damu puani au sikioni, degedege, mkono au mguu mmoja kulegea. Maumivu apewe paracetamol. Asipewe aspirini, wala diclofenac wala ibuprofen, maana zinachochea kutoka damu.

Na aliyezimia asipakiwe mshikaki kwenye bodaboda! Kichwa kinaning'inia huku na huku njia nzima, na kama shingo iliumia mnaimalizia ninyi. Alazwe, mmoja ashike kichwa kikae sawa na kiwiliwili, itafutwe gari ambalo atalala. Kofia iacheni kichwani kama anapumua vizuri.

Fundi_Majengo

Majengo ya Moshi, mjue. Mmeongea takwimu, mimi niongee kofia yenyewe, kwa sababu nyingi ninazoziona vichwani zimevaliwa kama bakuli lililowekwa kisogoni. Paji la uso liko wazi, na paji ndilo linalotangulia mtu akiruka juu ya usukani.

Saizi kwanza. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa vidole viwili juu ya nyusi na kupitia pale kisogo kinapotokeza. Mara nyingi S ni sentimita 51 hadi 55, M ni 55 hadi 59, L ni 59 hadi 63, ila soma lebo kwa sababu viwanda vinatofautiana. Ivae bila kufunga kamba, iname, tikisa kichwa. Ikidondoka ni kubwa. Gurudumu la kukaza la nyuma linamalizia tu, haliwezi kuigeuza L kuwa S. Kamba za pembeni zikutane chini ya sikio zikifanya V. Ya kidevuni ibane hadi kiingie kidole kimoja, siyo ngumi. Ukipanua mdomo kama unapiga miayo, usikie kofia inavutwa chini. Mwisho isukume kutoka mbele kwenda nyuma kwa kiganja: paji likifunuka, kaza kamba za mbele, na zile za nyuma ya sikio uzilegeze kidogo.

Za mitumba, iwe Memorial hapa Moshi au huko Arusha. Bandua sponji zote za ndani, maana nyufa zinajificha chini yake. Peleka kofia kwenye mwanga wa jua, tazama povu mahali palipong'aa na kulala kuliko kwingine. Hapo limeshapondeka. Bonyeza kwa dole gumba pande zote: panapobonyea kirahisi au panapolia "krek", rudisha. Ganda lililoachana na povu na kufanya malengelenge limekaa kwenye joto, mara nyingi juu ya dashibodi ya gari. Povu lililopakwa rangi ya kupuliza usiliguse, thina na petroli vinalila kama mchwa. Klipu ifunge na kufungua mara kumi. Ndani tafuta lebo ya EN 1078 au CPSC na mwaka wa kutengenezwa. Herufi CE (alama ya bidhaa za soko la Ulaya) peke yake haitoshi, hata miwani ya jua inayo.

Umri: watengenezaji wengi wanasema miaka 3 hadi 5, CPSC wanasema 5 hadi 10. Ninavyoona mimi, povu lisilopigwa halizeeki haraka. Kamba na klipu ndizo zinazotangulia kufa, kwa jasho na jua.

Zisizofaa. Kofia ya mjenzi inazuia tofali linalotoka juu, ubavuni haina kitu na kamba mara nyingi hakuna. Kofia ya kupandia milima, na kwa sababu ya Kilimanjaro zimejaa huku kwetu, imetengenezwa hasa kwa mawe ya juu, alama yake ni EN 12492. Zote mbili si za baiskeli. Kwa watoto kuna moja ya EN 1080 yenye klipu ya kijani: inafunguka yenyewe ikivutwa ili mtoto asijinyonge kwenye bembea. Barabarani inaweza kufunguka wakati unaihitaji. Na yule mwenye EN 1078 avuliwe akitaka kupanda mwembe, kwa sababu hiyo hiyo ya kunyongwa.

Mkazi_UsaRiver

Nimenyamazishwa kwa furaha, asanteni. Mawili ya mwisho. Tuna mabinti wanne, wawili wana rasta ndefu na mmoja anavaa hijabu. Na kuna wawili wanasema watavaa elementi za bodaboda za kaka zao. Inakuwaje?

Fundi_Majengo

Rasta hazina shida, fundo ndilo lenye shida. Fundo la utosini linainua kofia, na kofia iliyoinuliwa inayumba. Zifungwe chini, usawa wa shingo, zitokee nyuma chini ya kile kifaa cha kukaza. Wapimwe wakiwa wameshasuka, maana kabla na baada inaweza kuruka saizi moja. Hijabu iwe ya kitambaa chepesi, safu moja, na pini yoyote isiwe chini ya povu. Iwekwe pembeni ya shingo au wavae ya kushonwa isiyotaka pini. Kapelo chini ya kofia hapana kabisa: kile kifungo cha utosini kinakaa kati ya fuvu na povu, halafu kepu inaisukuma kofia kisogoni.

Elementi ya pikipiki iliyo nzima inapokea pigo kubwa kuliko ya baiskeli. Kipimo chake cha ECE 22.05, kilichotangulia 22.06 ya sasa, kilikuwa kinaipiga kwa mita 7.5 kwa sekunde. Ila ina kilo moja na nusu hivi, haina matundu, inaziba masikio. Kupandisha Marangu saa saba mchana nayo kichwani mtu atazimia kabla hajafika. Kwa kuteremka tu haina ubaya, afunge kamba. Lakini aiangalie ndani kwanza: nyingi za bei ya chini chini ya kitambaa hakuna povu, ni ganda na sponji ya godoro. Ingiza vidole kwenye kitambaa, ukikosa kitu kigumu kinene cha kama sentimita 2 au 3, iacheni.

Usinunue saizi moja kwa wote 14. Pima vichwa, andika sentimita za kila mmoja kwenye karatasi, nenda nayo sokoni.